Pale Penye Ufa

Neno la wiki hii: Ezekieli 22:30

Nabii Ezekieli anaeleza kwamba Mungu alitafuta mtu mmoja wa kusimama penye ufa wa ukuta kwa ajili ya nchi, asimpate. Wakuu walikuwepo, makuhani walikuwepo, na manabii wa kusema walikuwa tele. Aliyekosekana ni wa kukaa pale palipobomoka. Sisi wa Isiolo hatuhitaji kufafanuliwa sana andiko hili. Kila aliyelala na mifugo anajua kwamba fisi hashughuliki na zizi zima. Hutafuta pale tawi moja la miiba lilipoanguka.

Wiki hii nazungumza na vijana wanaocheza kiungo mkabaji, namba sita, kuanzia Bula Pesa hadi Garbatulla. Najua wengi wenu hamkuichagua nafasi hiyo. Mlitaka kuwa mastraika, kocha akawarudisha katikati kuwalinda mabeki. Nawasihi msiione kama adhabu.

Kazi ya mkabaji huanza kabla hajaugusa mpira. Beki wa kulia akipanda kushambulia, nyuma yake panabaki wazi. Wengine wanaufuata mpira kwa macho, yeye ameshageuza shingo, ameona, anasogea kuziba. Mpinzani akipokea mpira hali amelipa goli lako mgongo, hapo ndipo pa kumbana. Akiwa amekwisha kugeuka na ana kasi, usimrukie. Mcheleweshe, mwelekeze kwenye mstari wa pembeni, wenzako wapate kurudi. Subiri augonge mpira mbele kupita kiasi, ndipo uingie. Na baki wima, kwa sababu anayelala chini amejitoa mchezoni, tena kwenye viwanja vyetu vya changarawe anaiacha na ngozi ya paja.

Kusubiri ndiko kugumu, na hapo ndipo moyo wa mchezaji unapoonekana. Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alikuwa mkabaji hodari mno. Akiwa na Celtic, Novemba 2012, aliifunga Barcelona kwa kichwa, na baadaye akawa nahodha wa Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 nchini Misri. Lakini hata yeye, Februari 2016, akiichezea Southampton dhidi ya West Ham, alimwingilia Dimitri Payet vibaya akatolewa kwa kadi nyekundu. Southampton ilishinda 1-0, ila wenzake kumi walilazimika kukimbia kwa niaba yake karibu kipindi kizima cha pili. Hasira ya mmoja hulipwa kwa miguu ya wengine. Aliyewekwa azibe pengo ndiye aliyelifungua.

Katika kaunti yetu jambo hili lina uzito kuliko kwingine. Tunajua kunyang'anya na kunyang'anywa. Tumezika watu kwa sababu ya ng'ombe na malisho, na kila kundi lina hesabu yake ya deni ambalo halijalipwa. Ndiyo maana mimi hufurahi kuona kijana wa Kiborana akimpokonya mpira kijana wa Kiturkana kwa mguu safi, halafu yule aliyepokonywa akageuka na kuanza kumfukuza bila chuki yoyote. Mmoja ametoka msikitini, mwingine kanisani, na wote wawili wamekubali kwamba kitu kinaweza kuchukuliwa bila mtu kuumizwa. Kijana anayejifunza hilo kwa mwili wake, jioni baada ya jioni, anajifunza jambo ambalo mahubiri yangu peke yake hayajaweza kumfundisha.

Tena mkabaji akishaupata mpira, hakai nao. Anatazama aliye karibu, anatoa pasi fupi, anarudi mahali pake. Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, aliifanya kazi hiyo Real Madrid katikati ya Zidane, Figo na Ronaldo, akilipwa kidogo kuliko wao. Mwaka 2003, timu ikiwa bingwa wa Hispania, walimwacha aende Chelsea, na majira hayohayo wakamleta Beckham. Madrid haikutwaa ligi tena hadi 2007. Chelsea ikawa bingwa wa Uingereza msimu wa 2004-05, ikifungwa mabao 15 tu katika mechi 38. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo visivyoweza kukosekana mwilini. Sijui mfano wa soka unaolithibitisha neno lake kwa uwazi zaidi.

Makocha wetu wapendwa, msimpe mtoto namba sita kwa kumwambia kwamba hana kipaji cha kushambulia. Mwambieni mnamwamini. Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani, msianze kwa kumuuliza amefunga mangapi. Mwulizeni ameokoa hatari gani, kisha mpeni muda aeleze, maana atakuwa na mengi.

Jumamosi hii mkienda uwanjani, kwa dakika kumi uacheni mpira. Mtazameni yule wa katikati, mbele ya mabeki, na mfuateni kila anakokwenda.