Kwao ni Wapi?

Mchungaji alipomaliza mahubiri ya kitabu cha Ruthu mwezi jana, niliuliza swali moja kwenye ushirika wa nyumbani wa Alhamisi, na mjadala ukaenda hadi saa nne usiku, watoto wamelala kwenye viti. Mchungaji akaniambia, "Shemasi, hilo swali liandike." Basi nimeliandika, na pamoja nalo nimeandika jambo ambalo usiku ule sikulisema.

Swali ni hili: ni nini kinachomfanya mtu awe wa hapa?

Sisi wa Eastlands tunaliuliza kila siku bila kufikiri. Ukikutana na mtu, baada ya jina unamuuliza, "Kwenu ni wapi?" Na hakuna anayejibu Umoja ama Kayole. Mimi nilizaliwa Hospitali ya Pumwani, nikakulia Jericho, na watoto wangu wote nimewalea Kayole. Lakini ukiniuliza kwetu nitakwambia Mwala, Ukambani. Kitambulisho changu kinakubaliana nami. Kigeuze nyuma utaona wilaya, tarafa, lokesheni na sabulokesheni za mahali ambapo, nikijumlisha Krismasi zote na matanga yote, sidhani nimelala miezi sita. Yaani kwangu ni pale babu yangu alipozikwa. Sasa yule ambaye babu yake hakuzikwa hapa, kwao ni wapi?

Kuna binti hapa kanisani, wengi mnamjua kwa sauti yake. Amenipa ruhusa niandike habari zake mradi nisimtaje jina. Mama yake alitoka Bukavu, Kongo, wakati wa vita vya 1996, akafika Nairobi, akawa anasuka nywele na kuuza vitenge. Baba yake alikuwa mekanika, Mkenya kama mimi. Tuliishi naye ploti moja Kayole, tukichota maji bomba moja. Binti alizaliwa mwaka wa 2000, nyumbani, mkunga akiwa ni jirani. Cheti cha kuzaliwa hakuna aliyekitafuta. Mwaka wa 2006 baba akafariki, na ndugu zake wakaja kuchukua mwili na redio. Hawajarudi tena.

Sheria iko wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtoto ambaye baba ama mama yake ni raia wa Kenya, naye ni raia kwa kuzaliwa. Kifungu hicho hicho kinaenda mbali zaidi: mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka minane, akipatikana nchini na uraia wake na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia. Mtoto wa kuokotwa ana mlango wake. Bahati mbaya ya binti yetu ni kwamba mama yake alijulikana.

Alipofika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho. Akaambiwa apigwe msasa na wazee. Siku hiyo tulikuwa wazee sita kwenye benchi nje ya ofisi moja, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mama aliulizwa maswali mawili matatu akajibu kwa heshima, lakini kwa Kiswahili cha kwao: "aksanti baba", "batoto bangu". Mmoja wetu akacheka. Kisha afisa akauliza, "Kuna yeyote hapa anayemjua baba wa huyu msichana?"

Nilimjua. Nilikuwa nimekula naye githeri sufuria moja. Nikaangalia viatu vyangu.

Binti akaambiwa faili yake itaangaliwa. Miaka saba imepita. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la rafiki, kwa hivyo pesa yake ya M-Pesa ni ya mwingine kisheria. Alifaulu Kidato cha Nne lakini mkopo wa chuo unataka kitambulisho. Akiitwa kazi jengo la mjini, askari wa mlangoni anamuuliza kitambulisho, anarudi. Na Jumapili anasimama pale mbele na kutuongoza kuabudu, mimi nikiwa kiti cha tatu.

Kwa nini nilinyamaza? Sitaki kujipamba. Niliogopa. Ukimdhamini mtu na baadaye akaonekana si raia, unaulizwa wewe. Na hofu yenyewe haikutoka hewani. Septemba 2012, guruneti lilirushwa kwenye shule ya Jumapili ya kanisa la St Polycarp, pale Juja Road, na mtoto akafa. Mwaka uliofuata ikawa Westgate, watu 67. Serikali ina haki ya kuwa na mlango, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza nani anabisha. Ndugu mmoja wa ushirika wetu alisema usiku ule kwamba vitambulisho vinauzwa, na kwamba huruma bila ukaguzi ni ujinga. Sikumpinga. Nilimwambia tu kwamba mwenye pesa hupita na kitambulisho cha kununua, na wa ukweli asiye na kitu hubaki kwenye benchi. Huo ukaguzi unamkagua nani?

Tena hofu huwa haichagui. Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh katika oparesheni ya Usalama Watch, maelfu wakakamatwa, wengi wakashikiliwa uwanja wa Kasarani. Walikuwamo wakimbizi, na walikuwamo pia Wasomali Wakenya wenye vitambulisho vyao mfukoni. Wazee wa mitaa hii waliwahi kuona hayo. Aprili 1954, miaka 60 kamili kabla, wakoloni walizingira Nairobi kwa oparesheni waliyoiita Anvil. Watu walitolewa nyumbani, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa, wengine wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia, gakunia, ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa tu. Zaidi ya 20,000 waliishia kizuizini. Nikifikiria benchi letu naona yule wa gunia angalau alificha uso. Mimi nilikaa uso wazi.

Mjue pia kwamba jambo hili liko kwenye Biblia. Someni Waamuzi 12. Wagileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke Shibolethi. Mwefraimu hangeweza, ulimi wake ulitoa Sibolethi. Wakafa 42,000 kwa sababu ya sauti moja. Kule ofisini ilikuwa w na b. Watoto, batoto.

Nchi nyingine zinafanyaje? Marekani tangu mwaka wa 1868 imeandika kwenye katiba yake kwamba anayezaliwa katika ardhi yake ni wao, isipokuwa wachache kama watoto wa mabalozi, ingawa ugomvi juu ya neno hilo haujaisha. Ujerumani ilishikilia damu kwa muda mrefu: Waturuki walioitwa kufanya kazi viwandani tangu 1961 walizaa watoto huko, na watoto wale wakabaki Waturuki kwenye makaratasi, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka wa 2000. Majirani zetu Uganda, katiba yao ya 1995 ina orodha ya jamii zilizokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Ukiwa na mzazi ama babu wa orodha hiyo na umezaliwa Uganda, wewe ni raia kwa kuzaliwa. Sijui hiyo tarehe Mungu anaionaje. Tanzania walifanya jambo ambalo mimi linanigusa: Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wao na watoto wao, takriban 162,000, walipewa uraia, na mwaka wa 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti. Nchi maskini hiyo, si Ulaya.

Na sisi? Sisi tumefungua mlango, tusijidharau, lakini tumeufungua kwa namna yetu: kwa kabila. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashamba ya mkonge huko Pwani, walishika njia kwa miguu kutoka Kwale Oktoba 2016 kwenda Ikulu kudai vitambulisho. Mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43 la Kenya, na Wakenya wa asili ya Kihindi wakawa la 44. Wapemba wa Kilifi wakatambuliwa 2023. Washona ndio hadithi yao inatuhusu zaidi sisi watu wa kanisa. Walikuja miaka ya 1960 kutoka nchi tunayoiita leo Zimbabwe, wakihubiri injili. Wakasuka vikapu, wakazaa, wakazikana hapa, na karibu miaka 60 hawakuwa raia wa mahali popote. Ni Desemba 2020 ndipo serikali ilipotangaza kuwapa uraia. Watu walituletea Neno, na tukashindwa kuwapa karatasi.

Nilifurahi kila mara niliposikia habari hizo. Lakini tazama vizuri. Wote waliingia wakiwa kundi, na tukawapa namba. Ni kama Mkenya hawezi kuwa Mkenya mpaka kwanza awe kabila. Binti yetu si kabila. Hana watu mia tatu wa kutembea nao hadi Ikulu. Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba ule msasa wa ziada kwa jamii za mipakani umekwisha, nami nikasema amina, lakini yeye si wa jamii ya mpakani. Ni mtu mmoja wa Kayole, na anachohitaji ni mtu mwingine mmoja wa Kayole.

Hapo ndipo swali langu lilipogeuka. Nilikuwa nimeuliza kama mtu huwa wa hapa kwa damu ama kwa udongo. Lakini mimi mwenyewe najuaje kwamba nilizaliwa Pumwani? Sikumbuki. Niliambiwa. Mama alisema, nesi akaandika, karani akapiga muhuri. Najuaje kwamba baba yangu ni baba yangu? Watu walisema, nami nikaamini. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kushuhudia kuzaliwa kwake mwenyewe. Wote tu wa hapa kwa neno la mtu mwingine. Damu haisemi kitu ofisini, na udongo hausemi. Jirani ndiye husema. Akinyamaza, mwenyeji anageuka mgeni akiwa amekaa pale pale.

Sasa rudini Ruthu sura ya 4. Sheria ilikuwa dhidi yake kabisa: Kumbukumbu la Torati 23 inamfungia Mmoabi nje ya kusanyiko hata kizazi cha kumi. Boazi hakubishana na sheria. Aliketi langoni, akaita wazee kumi, akazungumza mbele yao, nao wakakubali kuwa mashahidi. Obedi akamzaa Yese, na Yese akamzaa Daudi. Lakini kulikuwa na ndugu mwingine, wa karibu kuliko Boazi. Yeye ndiye aliyepaswa kusimama kwanza. Aliposikia habari za yule Mmoabi akarudi nyuma, akiogopa kuharibu urithi wake. Mwandishi ametaja majina ya watu wengi katika sura ile, lakini la huyo hakuliandika. Mchungaji alipita hapo haraka siku ile ya mahubiri. Mimi sikuweza kupita.

Wiki mbili zilizopita nilimwendea binti na mama yake nikawaambia nilichofanya kwenye lile benchi. Mama alinyamaza. Binti akaniangalia kwa muda, kisha akauliza, "Baba, kumbe ulimjua? Alikuwa anaimba?" Nikamwambia aliimba, tena vibaya, usiku akiwa chini ya magari ya watu. Kama amenisamehe hajasema, na sijamuuliza.

Jumanne hii tunakwenda kwa wakili kula kiapo, kisha ofisini. Nimeambiwa nibebe kitambulisho changu na nakala mbili. Wakili anasema shahidi wa pili angesaidia sana. Kama uliishi Kayole kati ya 2000 na 2006, na unamkumbuka mekanika mrefu aliyekuwa na kijigereji karibu na steji, mwenye kofia ya bluu, tafadhali nione baada ya ibada ya pili. Nitakuwa pale mlango wa upande, karibu na matangi ya maji.