Je, Mkristo Agombee Udiwani?

Mzee mmoja wa kanisa letu, aliyefanya kazi ya uhasibu miaka mingi na sasa amestaafu, aliombwa na majirani zake agombee udiwani. Alikataa. Alisema siasa ni matope, naye hataki kwenda mbele za Bwana na miguu michafu. Wengi wetu tulimsifu. Tangu siku ile neno hili limetusumbua, maana hatuna hakika kama tulifanya vema kumsifu.

Katika Kitabu cha Waamuzi, mlango wa 9, Yothamu asimulia habari za miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa, mtini ukakataa, mzabibu nao ukakataa, kila mmoja ukitaja kazi yake njema. Mwisho miti ikauendea mti wa miiba, nao haukukataa. Tumezoea kuisoma habari hii kuwa ni onyo juu ya mti wa miiba. Lakini ni nani aliyeuachia nafasi?

Tumekwisha kuonja maana ya kukosa baraza. Kuanzia mwaka 1972 Serikali ilivunja halmashauri nchini, na kazi zao zikashikwa na maofisa wa mikoa na wilaya. Huduma za miji zikadhoofika, hata ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982 zikarudisha serikali za mitaa nchi nzima, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Wakulima wa pamba wa kwetu, walioijua Nyanza, hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Leo mabaraza tunayo mawili, kwa kuwa mwaka 2012 Ilemela ilitengwa na Jiji ikawa manispaa. Mkurugenzi huteuliwa, diwani ndiye tunayemtuma sisi. Kazi yake kubwa haionekani jukwaani. Hupewa makabrasha yaliyojaa tarakimu, na asiyeweza kuyasoma huinua mkono pamoja na wengine. Ni kweli Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hukagua hesabu kila mwaka, na halmashauri ikipata hati safi watu hushangilia. Lakini hati hiyo yahusu zaidi hesabu zilivyoandikwa. Mtu aweza kuandika vizuri sana gharama za mtaro usiohitajika. Habari za mtaro anazijua mkazi wa Igogo au Mabatini, aonaye mvua ikinyesha Mto Mirongo wabeba nini mpaka ziwani. Mtu wa namna hiyo, akiwa pia ajua kusoma hesabu, ni hazina.

Wako wasemao kwamba kudai risiti ni kumshuku mwenzako. Mbona kanisani sadaka huhesabiwa na watu wawili au zaidi, wala mtunza hazina hakasiriki? Mtakatifu Paulo mwenyewe, katika habari ya changizo la Yerusalemu, alitaka ndugu wengine wawepo ili asilaumiwe na mtu.

Hata hivyo hofu ya mzee wetu si ya bure. Mgombea lazima apendekezwe na chama, na huko kuna mambo yake. (Chama gani, si kazi ya gazeti hili kusema.) Mwaka 2000 sheria iliruhusu hata takrima, ikiitwa ukarimu wa jadi, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Waliokuwa wakiila takrima hiyo ni akina nani, kama si sisi?

Hapo ndipo penye aibu yetu. Diwani akishachaguliwa, nani humwandikia barua awe mgeni rasmi wa harambee? Tunamkalisha mbele, kwaya inamwimbia, na akitoa kidogo tunanong'ona mlangoni. Twamwendea kwa ada za shule, kwa jeneza, kwa nauli ya kwenda msibani Ukerewe. Posho yake twaijua haitoshi. Tulitaka azitoe wapi? Akigusa ushuru wa soko twasema amekula. Asipougusa twasema ni mchoyo. Nehemia alikuwa liwali miaka 12 asile chakula cha liwali, tena akawalisha watu mezani pake. Lakini mzee wetu hana mali ya Nehemia. Ana pensheni na mbuzi wanne.

Basi tulimwendea tena, wanne wetu. Hatukumshurutisha. Tulimwambia kwamba akigombea uchaguzi ujao, akashinda, kanisa hili halitamwomba zaidi ya sadaka yake ya kawaida, na paa tutaliezeka wenyewe hata likichukua miaka mitatu. Alicheka, akatuambia, "Ninyi wanne nawaamini. Nileteeni ahadi hiyo ikiwa na sahihi za akina mama, na za kwaya, na za halmashauri ya kanisa, ndipo nami nitaomba juu yake."

Karatasi iko ofisini kwa Kasisi. Mpaka tunapoandika haya ina sahihi tisa.