Mtoto Akichelewa Chuoni, Lawama ni ya Nani?



Nimesomesha watoto kwa zaidi ya miaka arobaini. Katika muda huo wazazi wameniuliza mengi: mbona mwanangu hajahitimu, mbona hajui kuandika, mbona wenzake wamempita. Sikumbuki mzazi hata mmoja aliyeniuliza, "Maalim, mwanangu hufika kwa wakati?" Na laiti wangelianza na suala hilo, kwani majawabu ya yale mengine aghlabu yamo humo.

Tutizame kwanza khasara yenyewe. Mtoto hufundishwa herufi, kisha irabu, kisha kuunganisha. Ikiwa hakuwapo siku ya kufundishwa shada, kesho yake atawakuta wenzake wamekwisha kuivuka. Atafuata sauti zao kama kasuku, na mwalimu mwenye watoto arobaini mbele yake huenda asitambue. Baada ya miezi ataitwa mjinga, naye si mjinga. Ana pengo la siku moja ambalo hakuna aliyelijua. Na skuli ni vivyo hivyo. Asiyekuwapo siku ya kufundishwa kugawanya, hesabu zote zijengwazo juu yake zitampa taabu. Tena anayechelewa robo saa kila siku, kwa siku tano za wiki hupoteza saa moja na robo. Kwa wiki kumi ni saa kumi na mbili na nusu. Hizo ni siku mbili nzima za masomo na zaidi, na kwao wanamhesabu kuwa hakukosa hata siku moja!

Wako watakaosema, "Wazee wetu hawakuwa na saa ukutani, na mbona walisoma?" Ni kweli, saa hawakuwa nazo, lakini wakati walikuwa nao. Waliamka kwa adhana. Na waulizeni wazee wa baharini khabari ya misimu: jahazi la Arabuni lilikuja na kaskazi na likarudi na kusi. Nahodha aliyezembea bandarini hata upepo ukampita hakuwa na la kufanya ila kungoja mwaka mwengine. Hakuna aliyeweza kumsemesha upepo akauambia ungoje. Basi utoto nao ni msimu. Dini yetu imetufunza haya kila siku, kwani Sala tano zimewekewa nyakati zake maalumu, na mwenye kuipitisha Sala bila udhuru hulaumiwa hata kama ataisali baadaye kwa unyenyekevu.

Sasa nije kwenye suala langu. Mtoto akichelewa, lawama ni ya nani? Sheria yetu haimwandikii mtoto dhambi mpaka abaleghe. Mtoto wa miaka saba si yeye aliyepanga saa ya kulala, wala si yeye aliyeacha televisheni ikiwaka mpaka usiku wa manane, wala si yeye aliyeamua kuwa harusi ya binamu ni ya siku nne na skuli ingoje. Ikiwa kalamu imeondolewa kwa mtoto, je, jambo lenyewe limepotea bila ya mwenyewe? Halikupotea. Mtoto ni amana, na mwenye kuulizwa juu ya amana ni aliyekabidhiwa.

Lakini na sisi walimu tumo. Nitakusimulieni kosa langu mwenyewe.

Zamani nilikuwa na kanuni kwamba mlango ukishafungwa haufunguliwi. Palikuwa na mtoto wa kike, umri wake kama miaka tisa, aliyekuwa akichelewa kila Jumamosi asubuhi. Nikimuuliza sababu, hutizama chini. Nikamwacha barazani Jumamosi tatu, nikidhani ninamtia adabu. Ya nne nikamfuata mpaka kwao. Mama yake alikuwa mjane, akipika mahamri, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa akiyapeleka madukani kabla ya kuja chuoni. Mama akaniambia, "Maalim, nikimleta mapema, tutakula nini?" Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kosa la kumsaidia mama yake.

Hapo nikaona jambo jengine. Chumbani alikuwa amelala kaka yake, kijana wa miaka kumi na sita, na saa mbili imekwisha kupita. Nikauliza mbona yeye asiyapeleke. Nikajibiwa, "Huyu ni mwanamume." Nikasema, "Mama, mahamri hayaulizi mchukuzi wake ni mume au mke." Akacheka, na yule kijana akaamshwa. Jumamosi iliyofuata mtoto alifika kabla yangu.

Na lau asingekuwapo kaka? Basi suala lingetugeukia sisi majirani na jamaa. Kumpunguzia mjane mzigo ili mwanawe asome ni katika mambo ambayo wakiyafanya wachache wengine husalimika, na yasipofanywa na yeyote, mtaa mzima huulizwa. Tangu siku ile mlango wangu siufungi kwa mtoto. Akichelewa huingia, na ninayemwita ni mzazi.

Zamani kisingizio kikubwa kilikuwa ada. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo mwaka 1964. Kenya iliondoa ada za skuli za msingi mwaka 2003, na sheria ya mwaka 2013 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto skuli. Sare na madaftari bado yana gharama, sikatai. Lakini kumlaza mtoto mapema hakuna gharama. Kumtayarishia mkoba na nguo zake baada ya Isha hakuna gharama. Kuahirisha safari ya kwenda kutembea hadi siku za likizo hakuna gharama.

Wala tusidhani kuwa mtoto anajifunza vitabu tu. Kila asubuhi tunapomwambia, "Wacha, mwalimu atangoja," tunamfunza kuwa ahadi si kitu na kwamba wakati wa watu si mali yao. Kesho atakuwa fundi asiyetokea siku aliyoahidi, au karani anayewaacha watu wamepanga foleni juani, nasi tutalalamika kuwa vijana wa siku hizi hawana uaminifu. Wamejifunza wapi? Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Basi ndugu yangu, baba au mama, leo usiku kabla hujalala, muulize mwanao: "Wewe hufika skuli saa ngapi, na chuoni saa ngapi?" Kisha kesho usiridhike na jawabu lake. Mshike mkono, mfuatane, ukaone mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuihifadhi amana Yake. Amin.