Pumziko la Nani?

Amri ya Tatu tuliikariri tangu darasa la kipaimara, na wengi wetu tukaishia pale pale pa kuitakasa siku ya kupumzika. Lakini ukifungua Kumbukumbu la Torati sura ya 5 utaona kwamba Mungu hasemi na mwenye nyumba peke yake. Anawataja mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni aliye malangoni, kisha anatoa sababu: mtumishi naye apumzike sawasawa na bwana wake. Luther alilitilia uzito jambo hilo katika Katekisimo Kubwa. Alifundisha kuwa siku takatifu inahitajiwa na mwili pia, hasa mwili wa watumishi waliofanya kazi juma zima. Swali langu basi ni hili: pumziko linaloandaliwa kwa jasho la mtu asiyepumzika, je, mbele za Mungu ni pumziko?

Nitachukua mfano wa mbali, maana wa karibu hutuchoma upesi tukaacha kufikiri. Katika jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India, kuna maziwa, mito na mifereji mingi iliyoungana kandokando ya bahari. Ziwa kubwa kuliko yote huko ni Vembanad. Watu hutoka pande zote za dunia kwenda kustarehe humo katika boti kubwa zenye vitanda, jiko na choo, ziitwazo kettuvallam. Zamani zilibeba mpunga. Mbao zake hushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, kama mitepe ya wazee wetu wa pwani ya Lamu. Barabara na malori vilipokuja zikakosa mizigo, na sasa mizigo yake ni watalii.

Nimewahi kulala humo usiku mmoja, baada ya mkutano wa walimu wa theolojia, na siwezi kusema sikufurahi. Boti inakwenda taratibu, minazi inapita, mpishi anakaanga samaki. Lakini mfereji ule ndio barabara ya wenyeji, tena ndipo pa kuoshea na kufulia. Mama anashuka ngazi mbele ya nyumba yake kuosha masufuria, nawe uko hatua chache tu, umeegemea kiti, chai mkononi, unampiga picha. Kwako ni likizo. Kwake ni Jumanne. Na huenda ni dada yako katika Kristo, maana Wakristo wa huko husimulia kwamba Injili waliletewa na Mtume Tomaso mwenyewe mwaka 52, karne nyingi kabla haijafika kwetu milimani.

Mandhari ile nzuri ni kazi ya mikono. Eneo la Kuttanad hulima mpunga chini ya usawa wa bahari: watu walijenga matuta ya udongo, wakayasukuma maji nje, na kila msimu hupigana nayo upya. Agosti 2018 mafuriko yaliwashinda, wakahama kwa maelfu. Tena, katikati ya maji yote hayo, ya kunywa yaliyo safi ni ya shida, na uchafu na mafuta ya boti za wageni huongeza shida hiyo.

Kuna watakaosema: basi tusiende. Sikubaliani nao. Ukibaki nyumbani ili dhamiri yako itulie, nahodha na mpishi hawapati ujira, nawe umejinunulia utulivu kwa fedha yao. Wengine watanikumbusha kwamba Yesu naye alilala chomboni, kichwa juu ya mto, wenzake wakihangaika na mawimbi. Ni kweli, na mwili wake ulichoka kweli. Lakini walipomlilia aliamka. Na pale ziwani Genesareti alipohitaji chombo, alimwomba Simoni. Kisimani Samaria alimwomba mwanamke maji. Hakuwatazama watu kama picha ukutani. Alikubali kuwa mhitaji mbele yao, na mhitaji hulazimika kuuliza jina na kungoja jibu.

Huko Kerala kuna utaratibu mmoja ulionifundisha zaidi ya mada za mkutano wetu. Jua likikaribia kutua, boti zote za wageni hutakiwa kutia nanga, hata kama umelipa kiasi gani, kwa sababu usiku maji ni ya wavuvi na nyavu zao. Mgeni anasimama ili mwenyeji afanye kazi. Starehe imewekewa mpaka, na mpaka huo ni riziki ya jirani. Nadhani Musa angeuelewa mara moja.

Tuje sasa nyumbani, palipo pagumu. Jumapili tunapokwenda ibadani, nani amebaki anapika pilau la wageni wa mchana? Katika semina ya wanandoa niliwauliza washarika siku ya mapumziko ya dada wa kazi ni ipi. Ukumbi ulinyamaza. Baadaye mama mmoja akajibu kwamba kwake ni Jumapili alasiri, dada akishamaliza vyombo.