Kilicho Chetu: Mazingatio juu ya Pilipili ya Nyumbani

Katika mijadala juu ya utamaduni wa taifa, swali moja hurudi kila mara, nalo ni hili: kitu huwa chetu kwa sababu gani? Wapo wasemao kwamba kilicho chetu ni kile tu kilichoota katika ardhi yetu kabla hajafika mgeni yeyote. Wapo na wengine wasemao kwamba swali lenyewe halina maana, kwani dunia imekwisha changanyika, na mwenye fedha aweza kununua akitakacho na kukiita chake. Sisi twaona kwamba makundi haya yote mawili yamekosa. Ili tulionyeshe kosa lao, tumechagua mfano mdogo ambao kila msomaji anaujua: pilipili iliyotengenezwa nyumbani, ikatiwa katika chupa, ikangoja wali, mihogo au samaki.

Tutazame kwanza pilipili hiyo imefanywa kwa vitu gani. Mpishi wa pwani huchukua pilipili mbuzi mbichi zipatazo kumi, nyanya zilizoiva nusu kilo, vitunguu maji viwili, karoti mbili, embe bichi moja msimu wake ukifika, punje chache za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, maji ya ukwaju, mafuta na chumvi. Sasa tuviulize vitu hivi kwao ni wapi. Pilipili na nyanya asili yao ni Amerika. Vitunguu na karoti vilitoka Asia. Embe na tangawizi vilivuka Bahari ya Hindi. Mafuta nayo, yakiwa ya alizeti, mmea wake ni wa Amerika ya Kaskazini. Wenyeji katika chungu hiki ni wawili tu: ukwaju, ambao ni mti wa Afrika, na chumvi, ambayo watu wetu wameivuna kwenye maji ya bahari, na kuichemsha katika chemchemi za Uvinza, tangu kale.

Kabla ya mwaka 1492, Columbus alipovuka Atlantiki akitafuta njia ya kwenda kwenye viungo vya India, hapakuwa na mpishi wa Afrika, Asia wala Ulaya aliyepata kuijua pilipili hii. Baadaye Wareno, ambao merikebu zao zilifika Mombasa mwaka 1498, pamoja na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, waliieneza katika pwani zote. Jina lake nalo ni msafiri. Lilizaliwa India, likiwa jina la kiungo cha jamii ya pilipili manga, likapita katika vinywa vya Waajemi na Waarabu. Mmea wa Amerika ulipofika ukarithishwa jina la kiungo kingine, na kile cha zamani tukakitambua kwa kukiongezea neno «manga», maana yake cha Uarabuni.

Basi mwenye kushika kipimo cha asili peke yake atafanya nini? Akitaka kuondoa kila kilicho kigeni, atabaki na maji ya ukwaju yenye chumvi. Methali yetu yasema kwamba mwacha mila ni mtumwa, nasi twaikubali. Lakini mila si jiwe lililokutwa limelala mahali pake. Rais Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, hakuwataka wananchi wakatae kujifunza kutoka kwa mataifa mengine. Alitaka wasidharau ya kwao. Mambo haya mawili hayagombani.

Pengine msomaji atasema kwamba kipimo cha kweli ni muda: pilipili imekaa kwetu karne nyingi, basi imekuwa yetu. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi. Minyororo ya watumwa nayo ilikaa katika pwani hii kwa karne nyingi, na hakuna mwenye akili timamu atakayeihesabu kuwa urithi tunaoutaka. Kukaa sana hakumfanyi mgeni kuwa ndugu. Hatuna budi kutafuta sababu nyingine, nasi twaiona katika kazi.

Mwangalie anayetengeneza pilipili ya nyumbani. Huosha kila kitu, huondoa vikonyo, kisha huamua. Akitaka ukali upungue, huipasua pilipili na kuondoa ile nyama nyeupe ya ndani inayozishika mbegu, kwa kuwa hapo ndipo ukali ulipo hasa, wala haumo katika mbegu kama wengi wadhanivyo. Huponda kwa kinu na mchi vile vinavyotaka kupondwa, huparuza karoti na embe, hukaanga vitunguu, kisha hutia nyanya na kuziacha zichemke polepole mpaka maji yakauke na mafuta yaelee juu. Hutia ukwaju na chumvi, ambavyo vinaleta ladha na pia vinazuia kuoza. Chupa ameichemsha mapema. Na katika kazi hiyo yote huonja.

Kuonja huku ndiko twataka kukuzingatia. Pilipili za shamba moja hazilingani ukali na za shamba jingine, wala za kiangazi si kama za masika. Kwa hiyo idadi tuliyoitaja hapo juu haimtoshi mpishi. Lazima apime kwa ulimi, akikumbuka kwamba baba mkwe ana vidonda vya tumbo, kwamba watoto nao watakula, na kwamba mgeni wa Ijumaa hupenda ikolee. Chumvi ikizidi haiondoki. Ukali ukizidi hautulizwi kwa maji, maana hauyeyuki katika maji bali katika mafuta. Hapa pana elimu, pana kiasi, pana kuwafikiria wengine. Na hizo ni sehemu za maadili kama zilivyo sehemu za upishi. Mmea uliotoka ng'ambo umepita katika hukumu ya mtu wa hapa, kwa ajili ya watu wa hapa. Kwa njia hiyo umekuwa wetu.

Hatusemi haya ili kuibeza pilipili ya kiwandani. Kiwandani pia kuna wafanyakazi wetu na jasho lao, na mwenye haraka si mwenye dhambi. Lakini chupa ya dukani huja na uamuzi uliokwisha kufanywa: mtu mwingine, asiyemjua baba mkwe wala watoto, amekwisha kuonja kwa niaba yetu. Anayeinunua siku moja amejipunguzia kazi. Taifa ambalo halina tena mtu ajuaye kuitengeneza limepoteza uwezo wa kuamua, na uwezo huo haununuliki kirahisi ukishapotea.

Sasa tumefika penye ugumu. Ikiwa kazi ndiyo ifanyayo kitu kuwa chetu, basi kabla hakijawa cha taifa ni cha yule aliyeifanya kazi. Ni mikono ya nani inayowaka usiku kucha baada ya kupasua pilipili? Kwa sehemu kubwa ni mikono ya mama zetu, dada zetu na wake zetu. Nasi tunaokaa ofisini na darasani tukiandika juu ya «utamaduni wetu» aghalabu hatujaushika mchi.

Hatari hii haiko kwetu tu. Katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas huko Marekani, wanawake wenye asili ya Meksiko walikuwa wakipika na kuuza viwanjani, tangu karne ya 19, mchuzi mzito wa nyama, pilipili, kitunguu saumu na bizari nyembamba uitwao chili. Watu walitoka mbali kuja kuula penye taa zao za usiku. Katika miaka ya 1930 na 1940 wakuu wa mji, kwa sheria za afya, waliwaondoa viwanjani. Mwaka 1977 Bunge la Texas likatangaza kwamba chili ni chakula rasmi cha jimbo. Hata leo wapo Texas wanaobishana kwa ukali kama chili yenye maharage ni chili ya kweli. Chakula kimepewa heshima na kimepata watetezi wa usafi wake, lakini wale waliokipika walikuwa wamekwisha kufukuzwa.

Twaliweka jambo hili mbele ya walimu na wanafunzi kwa makusudi. Kusifu utamaduni ni kazi nyepesi. Kuwatambua wenye utamaduni huo ni wajibu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, nao hawakusema pete avikwe mtazamaji. Mwalimu afundishaye juu ya vyakula vya taifa na awatume wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wakajifunze kwa bibi na mama zao: wapime, waponde, waonje, waandike walichokiona, na juu ya karatasi waandike jina la aliyewafundisha. Mvulana ambaye mikono yake imewaka mara moja kwa pilipili ataelewa kuliko atakavyoelezwa kwa hotuba. Naye bibi, akiliona jina lake katika daftari la shule, atajua kwamba neno «chetu» tulipolitamka, tulimhesabu na yeye.