Wino na Karatasi

Nilipokuwa kigoli, shangazi aliniambia kwamba mtoto wa kike akijua kuandika, barua yake ya kwanza ataiandika kwa mwanamume. Alisema hayo huku anapepeta mchele, wala hakuinua macho. Mimi yangu ya kwanza nilimwandikia mhariri wa gazeti, na haikuchapwa. (Mhariri alikuwa mwanamume, kwa hiyo pengine shangazi hakukosea.)

Usemi huo ni wa zamani kuliko yeye. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Wasichana wa jumba la baba yake walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika hakukuwa kwao. Akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 kalamu hiyo ikamfanya katibu wa njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao Majid. Njama ikavunjika, na bila shaka wapo waliosema: si tulionya? Mwaka 1886, huko Ujerumani, akiwa mjane mwenye watoto watatu, alitoa kitabu cha maisha yake.

Lakini anayenikosesha usingizi ni Mwana Kupona binti Msham. Mumewe, Bwana Mataka, ndiye mtawala wa Siyu aliyemtoa jasho huyo huyo baba yake Salme. Mwaka 1858, mumewe keshafariki, Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa wasia, na tangu hapo ndio tunaotwangwa nao. Mume mkande, mpepee, akilala usimpigie kelele. Kungwi wangu alizighani beti hizo mara nyingi mno, hata bwana harusi, aliyekuwa kibarazani, akakohoa.

Nikauchukia utendi ule kwa miaka. Niliandika usiku, utambi nimeushusha, ili mama mkwe asiulize mke wa mtu anakesha na nini. Kukicha, daftari hulala chini ya doti za khanga.

Kisha siku moja nikausoma mwenyewe tangu mwanzo, si vipande vya kughaniwa. Mama aliyeugua mwaka mzima anamwita bintiye asogee. Mume hajatajwa, udi na marashi havijatajwa, na tayari anamtaka aje na wino na karatasi. Hakusema aitwe karani. Na mwishoni anawataka wanawake wausome.

Ubeti wa wino kungwi wangu aliuruka. Sidhani kwamba alikusudia; naye alipokea kama alivyorukiwa.

Simtakasi Mwana Kupona. Utii anaoufundisha ni utii kweli, na binti yangu sitamfundisha. Ila kila ninapotaka kugombana naye, namkuta ameketi na mwanawe, wino kati yao, nami nikanyamaza.

Jumamosi binti wa kaka yangu anaolewa. Jana tulikuwa tunapanga kikapu chake: liwa, udi, karafuu, asumini za kutunga. Nikatia daftari na kalamu mbili.

"Hilo la nini tena?" shangazi akauliza.

"Kaagiza Mwana Kupona, shangazi."

Akaguna. Akalisogeza pembeni asumini zisilowe wino, akafunika kikapu.