Lawama Hailei Mwana

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumeirithi methali hii kama wosia kwa mzazi. Lakini mama wa mtoto wa miaka minne asiyesema, asiyegeuka akiitwa jina lake, anayepiga mayowe na kuziba masikio daladala inapojaa, huisikia kama hukumu. Jirani haimalizi hata. Husema "umleavyo", kisha hutazama pembeni. Kwa wakwe ni kuzito zaidi. Huulizwa alikula nini akiwa na mimba, alimkosea nani, na kwao kuna mizimu gani.

Lawama hiyo haikuanzia kwetu. Leo Kanner, daktari wa Baltimore, alipoeleza hali hii, iitwayo usonji, mwaka 1943 kutokana na watoto 11 aliowachunguza, walifuata wataalamu wa Marekani waliodai kwamba ubaridi wa mapenzi ya mama ndio uliomfunga mtoto ndani ya nafsi yake. Bruno Bettelheim aliitetea hoja hiyo kwa kitabu kizima mwaka 1967, ingawa miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alikwisha kuipinga kwa ushahidi. Akina mama ndio waliobeba aibu ile. Leo tunajua kwamba usonji hutokana na namna ubongo unavyokua tangu awali, na kurithi kuna sehemu kubwa. Si chanjo, si uchawi, si mama.

Malezi basi hayakuuleta usonji. Hata hivyo malezi yanaweza kumsaidia mtoto huyu kuomba maji, kuvaa shati lake na kucheza na nduguze. Hapo ndipo methali yetu inaposema kweli, na hapo ndipo mama anapoachwa peke yake.

Kila mwezi mtoto hupelekwa kliniki. Hupimwa uzito, huchomwa sindano, kadi hujazwa. Dakika mbili zaidi zingetosha muuguzi kuuliza: anageuka akiitwa? Anaonyesha kitu kwa kidole afikapo mwaka na nusu? Maswali haya hayahitaji mashine. Yasipoulizwa, mama huambiwa "watoto wa kiume huchelewa kusema", na miaka ambayo mtoto angejifunza kwa wepesi hupita. Akigundulika, safari nyingine huanza: wataalamu wa usemi ni wachache mno, wengi wako mijini, na nauli ya kila wiki humshinda anayeuza vitumbua asubuhi.

Kwa sababu hiyo nauamini zaidi msaada unaomfuata mzazi alipo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vikiongozwa na mtu aliyeandaliwa, hata kama si daktari. Yanayofundishwa yamo ndani ya siku ya kawaida. Mama anachambua mchele, mtoto anapewa bakuli lake, wanapokezana. Chai inawekwa mbele yake lakini haisukumwi mkononi. Mama anangoja kidogo, mpaka anyooshe mkono au atoe sauti, kisha anamtajia: "chai". Mara mia, bila kuchoka. Ni malezi haya haya tunayoyajua, yaliyopunguzwa kasi.

Fimbo haina nafasi humo. Wapo wanaonong'ona kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mtoto mwenye usonji anayejitupa chini sokoni si mkaidi. Kelele na mwanga vimemzidi. Ukimchapa unamwongezea maumivu asiyoweza kukueleza. Kumfungia chumbani siku nzima kwa aibu ya wageni ni dhuluma, hata ikifanywa na mikono inayompenda.

Shule zipo, ingawa hazitoshi. Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam na City Primary jijini Nairobi ni shule za serikali zenye vitengo vya watoto hawa. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayowapa haki ya elimu. Mwalimu mkuu anayemrudisha mtoto getini akumbushwe sheria hiyo, na halmashauri iulizwe mwalimu maalumu yuko wapi.

Wahenga walisema pia kwamba mkono mmoja haulei mwana. Ninawasemesha akina baba hasa, maana wengi huondoka, na wengine hubaki nyumbani huku wameondoka. Mjomba, shangazi, bibi, nanyi mnahusika. Jumamosi hii mwendeeni mama huyo. Msipeleke ushauri wala jina la mganga. Kaeni na mtoto kwa saa tatu, mjifunze anachokipenda na kinachomtisha, na mama alale.